Kusomea miguu: nani anaitwa podiatrista, wapi, na kazi yenyewe ina maslahi gani

Chukua watu watatu ambao wote mlangoni pao pameandikwa kitu kimoja, podiatrista, yaani mtaalamu wa miguu. Wa kwanza yuko Chicago, asubuhi hii yuko chumba cha upasuaji ananyoosha mfupa wa kidole gumba uliopinda na kuubana na skrubu. Wa pili yuko Manchester, ana digrii ya miaka mitatu, kaajiriwa na NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, asubuhi anahudumia vidonda vya watu wa kisukari na mchana anazunguka majumbani kwa wazee wasioweza kutoka. Wa tatu yuko Johannesburg, digrii yake ni ya miaka minne, ana kliniki yake mwenyewe na wateja wake wengi ni wakimbiaji na watu wenye maumivu ya kisigino. Sasa wabadilishane nchi uone, hakuna hata mmoja atakayeanza kazi kesho yake, kila mmoja ataambiwa kaa pembeni kwanza tuangalie makaratasi yako, na yule wa Manchester akienda Chicago ajiandae kwa miaka kama saba mingine kabla hajashika kisu.

Ndo maana ukigugo hii kazi unachanganyikiwa. Maelezo mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya Wamarekani, unaambiwa sijui fanya MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, sijui tafuta residensi, yaani mafunzo ya kazini hospitalini baada ya chuo, na wewe uko Mbeya una diploma ya uuguzi au uko Leicester na makaratasi yako safi unafanya kazi ya kea, kuhudumia wazee, sasa hayo yanakuhusu nini. Kitu cha kushika mapema ni kwamba hizi ni kama kazi tatu tofauti zinazotumia jina moja, na cheti chake hakisafiri vizuri. Kwa hiyo unaamua kwanza unataka kufanya kazi nchi gani, halafu ndo unatafuta chuo. Wengi wanaenda kinyume, wanapata ofa ya chuo wanafurahi, wanalipa ada, mambo ya leseni wanakuja kuyakuta mwishoni.

Tuanze na kazi yenyewe, maana hata hapo watu wanadhani ni pedikyua ya kisomi. Kila mguu una mifupa 26, miwili inakuwa 52, na mwili wa mtu mzima una mifupa 206, yaani karibu robo ya mifupa yako yote imejazana huko chini kwenye nyayo. Hapo hujagusa ngozi, kucha, mishipa ya fahamu, mishipa ya damu na kano. Kwa hiyo mtu anayeshughulika na miguu siku yake inaweza kuanza na sugu na chunjua za unyayo, ikaenda kwenye magaga yaliyopasuka mpaka yanatoa damu, ikaja kwa mtoto anayetembea vidole vimeelekea ndani, ikaishia kwa mama ambaye kila asubuhi hatua za kwanza kutoka kitandani kisigino kinamchoma kama kakanyaga msumari. Kuna wanaobobea kwenye michezo, na ukifikiria wakimbiaji waliojaa Iten na Eldoret unaelewa kwa nini tawi hilo lina mashabiki. Kuna wanaobobea kwa watoto, kwenye soli maalumu za kuweka ndani ya viatu, au kwenye upasuaji.

Kama kuna kitu kinawafanya wengi waipende hii kazi basi ni ile kucha iliyoota kuingia kwenye nyama. Mtu anakuja anachechemea, kidole kimevimba kinatoa usaha, kashaweka dawa zote za mtaani, keshakata kucha mwenyewe na kiwembe akaharibu zaidi. Unampiga sindano ya ganzi kwenye kidole, unatoa ukanda mwembamba wa kucha upande ule unaochoma mpaka kwenye shina lake, unapaka fenoli kuua shina la ule upande ili lisiote tena, unafunga bandeji. Haichukui muda mrefu. Anaondoka na miguu yake mwenyewe na baada ya wiki kadhaa amesahau kama alikuwa na tatizo. Kazi nyingi za afya hazikupi hiyo raha, unatibu presha miaka ishirini na mgonjwa hajawahi kuhisi tofauti yoyote, ila hapa matokeo mnayaona wote wawili mkiwa bado mmekaa.

Ila kinachoendesha soko la hii kazi dunia nzima sio kucha, ni kisukari. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu anaanza na kuwaka moto nyayo usiku, halafu vinafuata vichomi, halafu ganzi, na ganzi ikishakamata yeye anafurahi anadhani amepona kwa sababu maumivu yameisha. Wakati huohuo mishipa ya damu inazidi kuwa myembamba, kidonda kikitokea hakipati damu ya kukiponya. Sasa huyo mtu akiingiwa na kokoto kwenye kiatu anatembea nalo kutwa nzima. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa za wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa wamelala na hawakushtuka. Ukisoma habari kama hiyo unaelewa ganzi ni kitu gani kuliko ukisoma kurasa kumi za kitabu.

Makadirio ya watafiti ni kwamba kati ya asilimia 19 na 34 ya watu wenye kisukari watapata kidonda mguuni wakati fulani maishani, na kati ya waliopona karibu asilimia 40 kinawarudia ndani ya mwaka mmoja. Miguu mingi inayokatwa kwa sababu ya kisukari ilianzia kwenye kidonda, tena mara nyingi kidonda kidogo tu ambacho kingezuilika. Kwa hiyo mtaalamu wa miguu hapo anaokoa mguu kabla haujafika kwa daktari wa upasuaji, na anafanya hivyo kwa vitu vya kawaida kabisa. Ana uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10 anaugusisha sehemu mbalimbali za unyayo, ana uma wa mtetemo wa hezi 128, anapapasa mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Asipokuwa na chochote, kuna kipimo kinaitwa cha Ipswich ambacho kinahitaji kidole chako tu, mgonjwa anafumba macho, unamgusa taratibu sekunde moja au mbili kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na kile kidogo cha mwisho, miguu yote miwili, jumla vidole sita. Akikosa kuhisi viwili au zaidi, ganzi ishaingia. Hiki unaweza kumfanyia mzazi wako leo jioni.

Baada ya hapo unampanga kwenye daraja la hatari. Kundi la kimataifa la miguu ya kisukari, wenyewe wanajiita IWGDF, wana miongozo ya bure mtandaoni na ya karibuni ni ya 2023, wanasema asiye na ganzi wala tatizo la damu aonwe mara moja kwa mwaka, daraja la kwanza, mwenye ganzi peke yake au tatizo la damu peke yake, kila miezi 6 hadi 12, la pili, mwenye mawili kati ya ganzi, tatizo la damu na mguu uliopinda, kila miezi 3 hadi 6, na yule ambaye keshawahi kuwa na kidonda au kukatwa, au figo zimefeli, pamoja na ganzi au tatizo la damu, aonwe kila mwezi mpaka miezi mitatu. Nimeeleza hivi makusudi kwa sababu ukishauelewa huu mpangilio unaelewa kwa nini kazi haiishi. Wagonjwa wako hawapungui, wanarudi na wanakujua jina, unawajua wajukuu zao, na hiyo kwa mtu anayependa watu ni nusu ya mshahara, kwa asiyependa watu ni adhabu.

Sasa turudi kwenye njia. Marekani ndo njia ndefu na ya gharama kuliko zote. Unasoma digrii ya kwanza ya miaka 4 yenye baiolojia na kemia ya kutosha, unafanya MCAT, unaingia chuo cha podiatria miaka 4 unatoka na DPM, shahada ya udaktari wa miguu, halafu residensi ya miaka 3 hospitalini, na katikati ya hayo yote kuna mitihani ya bodi inayokuja kwa hatua. Vyuo ni vichache, kama kumi na moja hivi nchi nzima, ikiwemo Temple kule Philadelphia na kile cha Chicago kilichoanzishwa 1912 na William Scholl, ndio, huyohuyo ambaye jina lake bado unaliona kwenye soli na plasta za sugu zinazouzwa famasi. Ukimaliza wewe ni daktari wa miguu kamili, unapasua, unaandika dawa, unalaza mgonjwa, ingawa mipaka ya nini unaruhusiwa kugusa inabadilika jimbo hadi jimbo, kuna wanakokuachia kifundo chote na kuna wanakokubana. Kipato cha kati kwa mwaka kinazidi dola 140,000 kwa takwimu za serikali yao za miaka ya karibuni. Tamu, ila upande wa pili wa daftari kuna deni, ambalo kufika dola 200,000 na kupita sio jambo la ajabu.

Maoni yangu, na unaweza kubishana nami, hii njia ni ya mtu ambaye tayari ana green card, kile kibali cha kuishi kule moja kwa moja, au uraia, au mtoto aliyezaliwa ama kukulia kule. Mwanafunzi anayetoka Dar au Nairobi kwa viza ya masomo hapati mikopo ya serikali ya kule, na akimaliza chuo anaanza kutafuta hospitali ya residensi itakayokubali kumdhamini viza, na sio zote zinafanya hivyo. Bila residensi ile DPM yako ni karatasi nzuri ya kuweka ukutani. Afu ile tabu ya kulinganishwa na madaktari wa kawaida, wale wa MD, haiishi, kule bado kuna mabishano ya kila siku kama podiatrista ni daktari kamili au la, na wanaoingia bila kujua hilo inawauma baadaye.

Kihistoria wote hawa, Wamarekani na Waingereza, walitokea sehemu moja, kwa wakata sugu wa mitaani na wa majumba ya wakubwa. Rais Abraham Lincoln alikuwa na mtu wake wa miguu anaitwa Isachar Zacharie, akamwandikia barua ya kumsifia mwaka 1862 katikati ya vita, na jamaa akaishia kutumwa New Orleans kwa shughuli za kisiasa, sijui ni mkata sugu gani mwingine aliyefika mbali hivyo. Baadaye njia zikagawanyika, Marekani wakakimbilia upasuaji na udaktari, Uingereza wakabaki kwenye kundi moja na mafiziotherapia na wengine wa aina hiyo.

Uingereza basi. Hapa digrii ni ya miaka 3, Scotland kuna ya miaka 4, na ndani yake unafanya takriban saa 1,000 za kushika wagonjwa. Ukimaliza unajiandikisha na baraza linaitwa HCPC, na jina podiatrista linalindwa na sheria, hujasajiliwa ukijiita hivyo ni kosa la jinai. Sasa sikiliza hapa vizuri kwa sababu hapa ndo watu wetu wanapigwa. Kuna kozi fupi za miezi kadhaa, nyingine sehemu kubwa ni za mtandaoni, unatoka unaitwa mhudumu wa afya ya miguu. Sio utapeli kwa maana ya utapeli, kukata kucha na kusugua sugu za wazee ni kazi halali na kuna wanaoishi vizuri kwa hiyo. Ila jina hilo halilindwi na sheria, NHS hawatakuajiri kama podiatrista, na hiyo kozi kwa kawaida haihesabiki kama hatua ya kuelekea digrii. Ukiona tangazo linasema uwe mtaalamu wa miguu ndani ya miezi sita, ujue ni hiyo.

Kinachonifanya niisifie Uingereza kwa ndugu zetu ambao tayari wanaishi kule kihalali ni kwamba kozi hii inakosa wanafunzi. Mwaka 2017 England waliondoa basari ya wanafunzi wa uuguzi na fani nyingi za afya, podiatria ikaumia sana, mpaka chombo kinachosimamia vyuo vikuu kule kikaiweka kwenye kundi dogo la kozi za afya zilizo hatarini kwa uchache wa wanafunzi. Kwa hiyo sasa hivi wanawabembeleza watu. Mwanafunzi anayehesabika kama mwenyeji anapata pauni 5,000 kwa mwaka ambazo hazirudishwi, na podiatria inaongezewa pauni 1,000 juu yake, mbali na mkopo wa kawaida. Watu wa umri mkubwa wanakaribishwa, dada wa miaka 38 aliyefanya kazi ya kea miaka kumi kwenye nyumba za wazee anaingia kwa kozi ya maandalizi ya mwaka mmoja, na akikaa kwenye intavyuu ana vitu vya kusema ambavyo mtoto wa miaka 18 hana, keshaosha miguu ya watu, keshaona kidonda cha kisigino kinavyoanza. Kuna pia njia ya uanagenzi, mwajiri anakulipa mshahara na ada ya chuo unalipiwa, nafasi zake ni chache na zinagombewa, ila zipo.

Unaanzia daraja la 5 la mishahara ya NHS, sawa na nesi mpya, na wengi hawakai sana hapo wanapanda la 6 wakishabobea kidogo. Tangu 2013 podiatrista wa Uingereza akisomea nyongeza anaruhusiwa kuandika dawa mwenyewe bila kusubiri daktari, na kuna wanaokwenda mbali zaidi kwa masomo ya ziada ya miaka kadhaa mpaka wanakuwa wapasuaji wa miguu bila kupitia shule ya udaktari. Wengi pia wanagawanya wiki, siku tatu NHS kwa ajili ya pensheni na vidonda vigumu vya kujifunzia, siku mbili kliniki binafsi kwa ajili ya hela. Huo mchanganyiko ndo naona mzuri kuliko yote, kwa sababu ukikimbilia binafsi moja kwa moja baada ya chuo utakata kucha tu na ujuzi wa vidonda unakufa taratibu.

Kwa wanaoongea Kifaransa, na hapa nawaangalia ndugu wa Bukavu, Goma, Bujumbura na wale walioko Brussels na Montreal, kuna milango ambayo sisi wa Kiingereza hatuna. Ufaransa na Ubelgiji digrii yake ni miaka 3. Quebec kuna chuo kikuu cha Trois-Rivières kinachotoa DPM kwa Kifaransa tangu 2004, na hiyo ni ngazi ya kidaktari. Ila usihame jimbo bila kuuliza, maana Ontario jirani yao walifunga daftari la mapodiatrista wapya mwaka 1993, aliyekuja baada ya hapo hata akiwa na DPM ya Marekani alisajiliwa kama kiropodista, jina la zamani la mtaalamu wa miguu, mwenye mipaka tofauti ya kazi. Nchi moja, barabara moja, jina tofauti na kisu tofauti.

Afrika kwa Kiingereza jina la kushika ni University of Johannesburg, chuo pekee Afrika Kusini chenye digrii ya podiatria, miaka 4, unasajiliwa na HPCSA, baraza lao la taaluma za afya. Faida yake kubwa ni kwamba unajifunzia kwa wagonjwa wanaofanana na wa kwetu, ukimwi, kisukari kilichochelewa, mgonjwa anayetembea kilomita kadhaa kufika kliniki. Australia nao miaka 4, kazi zipo nyingi hasa nje ya miji mikubwa, ada kwa mgeni ni kubwa. Na kwa watu wa pwani wenye ndugu Oman na Emirati, kule kisukari kimeenea sana na Dubai wana leseni ya podiatrista kama fani yake kamili, ila wanataka digrii inayotambulika, uzoefu wa kazi na vyeti kupitishwa kwenye uhakiki wa Dataflow. Hawakusomeshi, wanakuchukua ukiwa tayari. Kwa hiyo Johannesburg au Uingereza kwanza, Ghuba baadaye.

Na aliyebaki nyumbani? Huku kazi ya miguu imegawanywa vipande, kila kipande kina mwenyewe. Kidonda cha kisukari ni cha nesi na daktari wa kliniki ya kisukari. Watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda wananyooshwa kwa njia ya Ponseti, plasta inabadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, halafu kano ya kisigino inakatwa kidogo, halafu viatu vyenye chuma vya kuvaa usiku mpaka mtoto afike miaka minne au mitano, na Uganda wameonesha kwamba matabibu wasio madaktari wanaiweza kabisa wakifundishwa. Funza, ukoma, matende ya pwani, na ule uvimbe wa miguu wa watu wanaotembea peku kwenye udongo wa volkano kaskazini mwa Rwanda, hivyo vyote vinabebwa na watu wa afya ya jamii. Soli, viatu vya tiba na miguu bandia ni vya mafundi wa viungo, na hapa Tanzania tuna chuo cha maana sana, TATCOT pale KCMC Moshi, kipo tangu 1981 na kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kenya wana kozi ya fani hiyo kwenye chuo cha afya cha KMTC.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana aliyeko huku ni huu, usisubiri digrii ya podiatria ifunguliwe mtaani kwenu. Chukua fani moja yenye ajira na leseni, uuguzi, utabibu, fiziotherapia au ufundi wa viungo, halafu jenga ujuzi wa miguu juu yake. Mfano upo hapahapa. Kuanzia 2004 Tanzania ilikuwa moja ya nchi za kwanza kwenye mradi wa Step by Step, ambapo Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake wa nje walichukua kutoka kila kituo daktari mmoja na nesi mmoja, wanafundishwa pamoja kukata ngozi iliyokufa, kupima ganzi, kupunguza uzito kwenye kidonda, wanapewa na vifaa, wanarudi vituoni kwao wanafanya kazi, baadaye wanaitwa tena kwa mafunzo ya juu. Kwenda wawili wawili ilikuwa akili kubwa, maana tunajua nesi akirudi peke yake na utaalamu mpya nini kinamkuta, anahamishiwa wodi ya wazazi na vifaa vinafungiwa kabatini.

Tatizo la njia hii ni mshahara. Muundo wa utumishi unakulipa kama nesi au tabibu, ujuzi wako wa miguu hauna mstari wake kwenye salary slipu. Faida yake inakuja kwa njia nyingine, unakuwa yule mtu ambaye kila daktari wilayani anampigia simu, hospitali binafsi zinakuomba siku moja kwa wiki, wagonjwa wa kulipa wanakutafuta wenyewe kwa sababu ulimponya jirani yao. Hapo mtaji unaohitajika kuanza sio wa kutisha, kiti kizuri, mwanga mzuri, seti kadhaa za vifaa vya chuma, mashine ya kuvichemshia kwa mvuke na dopla ndogo ya mkononi ya kusikiliza mapigo ya damu. Usibane matumizi kwenye ile ya kuchemshia. Vijana wanaozunguka mitaani na vikapu vya rangi za kucha wanatumia kifaa kimoja kwa wateja wote, na mteja wa kisukari akishakatwa kidogo pale utampokea wewe wiki mbili baadaye.

Mabaya ya kazi nayo yasifichwe. Mgongo na shingo vinaumia kwa sababu kutwa nzima umeinama, wanaoanza bila kiti kinachopanda na kushuka wanajuta wakifika miaka arobaini. Ukisaga kucha nene zenye fangasi vumbi lake linaingia kifuani, vaa barakoa na tumia mashine inayonyonya vumbi, usione aibu. Harufu utaizoea ndani ya mwezi. Usichozoea ni mgonjwa ambaye umemwambia asikanyage ule mguu na yeye ni bodaboda au mama ntilie, asipokanyaga watoto hawali, kwa hiyo kidonda ulichokisafisha vizuri Jumatatu kinarudi Ijumaa kimefunguka upya. Ukikaa kwenye hii kazi unajifunza kubishana kidogo na kutafuta njia nyingi, plasta ngumu anayoweza kutembea nayo kama kidonda kinaruhusu, sponji iliyokatwa tundu mahali pa kidonda, kuongea na mwenzake wa kijiwe amshikie pikipiki wiki mbili.

Na viatu. Nusu ya matokeo yako yatategemea viatu, na hapo rafiki yako mkubwa hatakuwa daktari, atakuwa fundi viatu. Tafuta mmoja anayesikiliza. Mwambie mbele kuwe na kina vidole visibanwe, ndani kusiwe na mshono unaokwaruza, ukanda wa kukaza usiwe wa kupita katikati ya vidole kama kandambili kwa sababu mwenye ganzi kiatu kinamtoka anaendelea kutembea hajui, na soli iwe ngumu kiasi cha msumari kutopenya, raba ya tairi la gari ile ya katambuga inafaa kabisa chini, juu yake unaweka tabaka laini la sponji nzito inayovumilia jasho. Mpelekee mgonjwa jioni, wakati mguu umevimba kwa ukubwa wake wa kweli, ndo apimwe.